Bili ya saa 8 na dakika 31 usiku

Karatasi yenyewe ni ndogo, imechanwa kwenye kile kijitabu cha bili chenye kaboni, na maandishi ya mhudumu yamelala upande kama ya mtu aliyeandika huku amesimama. Safari 14. Serengeti 9. Konyagi ndogo 2. Maji 3. Soda 2. Mishkaki 12. Ndizi 4. Chini kabisa kuna jumla, 120,000, imezungushiwa duara mara mbili. Kijana mmoja aliipiga picha akaitupia kwenye grupu lao la WhatsApp na maneno matatu tu: "Ishirini ishirini jamani." Walikuwa sita. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo unasoma saa 8 na dakika 31 usiku wa kuamkia Jumapili.

Haikupita nusu saa, IST ya dada yangu ikavamia vizuizi vya zege kwenye mchepuko wa ujenzi wa mwendokasi, Barabara ya Bagamoyo, kabla hujafika Tangi Bovu. Ndani walikuwa wanne. Kwenye usukani alikuwa mpwa wangu, miaka 23, mwaka wa mwisho chuo. Aliyekaa mbele kushoto alivunjika mfupa wa paja. Nyuma, mmoja alipasuka juu ya jicho, na binti aliyekaa naye alitoka na michubuko ya mkanda begani, maana ni yeye peke yake aliyekuwa amefunga. Hakufa mtu. Kulikuwa na bodaboda mbele yao. Alisikia matairi yakilia, akajitupa pembeni, pikipiki ikaserereka peke yake mpaka mtaroni. Huyo hatukumpata tena hata kumwomba radhi.

Kisa hiki nakijua kwa undani kwa sababu nililazimishwa kukijua. Wiki mbili baadaye familia mbili zilikaa kikao nyumbani kwa dada. Sisi tulikuja tumejiandaa: bahasha, na maneno ya "yote ni mipango ya Mungu". Baba wa kijana aliyevunjika mguu, mhasibu mstaafu, alitusikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kisha akaisogeza bahasha pembeni kwa kidole kimoja. "Pole nimeshazipata za kutosha," akasema. "Nataka saa kwa saa. Nani alikunywa nini, nani alisema nini, nani alikaa wapi." Mimi kama mjomba nikabebeshwa kazi hiyo. Jumamosi nne nilikaa na vijana wale, mmoja mmoja, simu zao ziko mezani: meseji, miamala, kumbukumbu za simu zilizopigwa. Majina nayaacha. Mambo mengine yote wameniruhusu kuyaandika.

Nne tu, anko

Swali la kwanza la mzee lilikuwa jepesi: dereva alikunywa ngapi? Mpwa wangu alikuwa na jibu lake tayari, alishalitoa kwa trafiki, kwa mama yake na kwangu. "Nne tu, anko."

Sidhani alidanganya. Nimekaa sana kwenye meza za namna hiyo, najua hesabu zake zinavyokwenda. Mtu anahesabu zile alizoagiza kwa mdomo wake. Ile iliyoletwa kwa sababu mwenzake alimwambia mhudumu "mletee na huyu" haiingii. Ile ya ukumbini, walikoanzia kabla ya baa, ya kuchangamsha kabla bwana harusi mtarajiwa hajaingia, hiyo ni ya sherehe. Na Konyagi iliyomiminwa kwenye glasi ya soda haina hata jina.

Bili haina adabu hiyo. Ina bia 23. Binti alikunywa maji na soda, hilo wote wanakubaliana. Wakabaki watano. Mmoja alikunywa tatu akalala juu ya meza, na ipo picha yake akikoroma, wameiwekea maneno ya kejeli. Zikabaki bia 20 kwa watu wanne. Kila mmoja tano. Mwongezee mpwa wangu ile moja ya ukumbini, zimekuwa sita, na Konyagi tuiachie Mungu.

Sasa tufanye hesabu ambayo nilimfanyia mzee kwenye karatasi ya daftari. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi tupu, takriban gramu 20. Kwa mwanamume wa kilo 70, na mpwa wangu ndiye huyo, gramu hizo zinapandisha alkoholi kwenye damu kwa kama miligramu 42 katika kila mililita 100. Ini linaondoa wastani wa miligramu 15 kwa saa. Wapo wa 10, wapo wa 20, wa 50 hayupo. Supu ya kongoro, kahawa chungu, dafu, kuoga maji baridi, kujitapisha nyuma ya gari, vyote hivyo havimo kwenye hesabu ya ini. Vinakuamsha tu, ukawa mlevi aliyeamka.

Alianza saa 1 na robo usiku ukumbini, gari likaondoka baa saa 9 kasorobo. Hizo ni saa saba na nusu, ini limeondoa kama 112. Kwa bia nne za mdomo wake: 168 toa 112, zinabaki 56. Kwa bia sita za bili: 252 toa 112, zinabaki 140. Kikomo cha sheria ya Tanzania kwa gari binafsi ni 80. Kwa dereva wa gari la biashara ni sifuri.

Haya ni makadirio, mwili wa mtu si mizani ya dukani. Lakini angalia umbali uliopo kati ya namba mbili hizo. Kwa mdomo wake alikuwa halali kabisa, na kwa bili alikuwa karibu mara mbili ya kikomo. Akili ya dereva iliamini ile ya kwanza, ubongo wake ukaendesha kwa ile ya pili. Tena lau angeamua kulala garini mpaka saa 1 asubuhi, angeamka na kama 76. Sifuri angeifikia karibu saa 6 mchana.

Yule binti ana kilo 55. Kwa mwili wake bia moja ingepanda mpaka kama 65, kwa hiyo shauri la "kunywa mbili tu ndiyo salama" ambalo wanaume hulitoa mezani kwa ukarimu lingempeleka juu ya kikomo kabla mishkaki haijaiva. Na Konyagi ndogo, ile ya mililita 200, kwa kilevi chake cha asilimia 35 ina gramu 55 hivi, bia tatu kasoro kidogo ndani ya kichupa kinachoingia mfuko wa shati. Serikali ilipiga marufuku viroba, vile vipakiti vya pombe kali, tarehe 1 Machi 2017, ikafanya vyema. Vichupa vikarithi mfuko.

Nilikuwa nalimudu

Utetezi wake wa pili ulikuwa mzuri zaidi, na ndio ulionipa kazi. "Anko, gari nilikuwa nalimudu. Tumetoka Sinza mpaka Mwenge taa zote nimesimama. Waulize."

Niliwauliza. Ni kweli. Alisimama kwenye taa, akawasha indiketa, akampisha mtu wa guta. Nyuma mmoja alikuwa anaimba. Binti anasema alianza kujiambia labda wasiwasi wake ulikuwa wa bure.

Ndiyo hila yenyewe. Mtu akipanda kiasi hicho hapotezi kwanza kile anachokifanya kwa mazoea; gia, breki, njia ya kila siku viko mikononi. Kinachoondoka mapema ni uwezo wa kushughulikia mambo matatu kwa pamoja. Kutoka Sinza mpaka Mwenge usiku ule hakukuwa na mambo matatu. Kwenye mchepuko yakaja yote mara moja: lori la kokoto limewasha taa kubwa likitokea mbele, njia inahamia kushoto, bodaboda yuko ndani ya ile njia mpya. Anakumbuka kuliona lori. Bodaboda anakumbuka kumwona. Zege hakumbuki kabisa.

Anasema alikuwa kwenye 80. Kwa mwendo huo gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki, umeshapita mita 11 bila dereva. Kizuizi cha kwanza kilikuwa karibu zaidi ya hapo kutoka pale njia inapopinda. Nilikwenda kupima kwa hatua zangu mwenyewe, mchana, fundi mmoja wa ujenzi akinitazama kama nimerukwa akili. Na maeneo ya makazi kikomo ni 50, jambo ambalo hakuna aliyelitaja katika Jumamosi zote nne, hata mimi, mpaka mzee aliponiuliza.

Hili neno "kulimudu" si la mpwa wangu peke yake, limewahi kufika mpaka mahakamani. Kenya ilipoingiza alcoblow, kile kipima ulevi cha kupuliza, barabarani Desemba 2013, wenye baa walikwenda kupinga, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaziangusha kanuni zile. Sababu ilikuwa ya kisheria: Sheria ya Trafiki ilidai ithibitishwe kwamba dereva amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari, ilhali kanuni zilitosheka na namba iliyosomwa na kifaa. Kisheria wanaweza kuwa walisema sawa. Kwa dereva wa saa 9 usiku, namba ni bora mara mia, kwa sababu kulimudu ndicho kitu ambacho aliyekunywa hana uwezo wa kukipima. Kifaa anachotumia kujipima ndicho kilicholewa.

Sheria yetu ina ile 80 ya alkoholi kwenye damu. Nilipowauliza vijana kama kuna aliyeitaja usiku ule, walinitazama kwa huruma. Hakuna aliyemtaja trafiki kabisa. Walijua trafiki wa njia ile wanakaa wapi na saa ngapi, na saa 9 usiku haikuwa saa yao. New South Wales kule Australia ilianza kupima madereva bila kubagua mwaka 1982, mlevi na asiyekunywa wote wanapuliza, na vifo vikashuka kwa kasi. Siri haikuwa ukali wa adhabu, ni kwamba kila dereva alikuwa amepulizishwa au anamjua jirani aliyepulizishwa. Kwa vijana wangu, kipima ulevi ni kitu cha kwenye taarifa ya habari ya Desemba, mabasi ya mikoani yanapokaguliwa Mbezi.

Dakika 14

Mzee aliyapenda mambo ya gramu, ni mtu wa namba. Lakini kisa hiki, kwa jinsi ninavyokiona, hakiko kwenye bia. Kiko kati ya saa 8:31, bili ilipolipwa, na saa 8:45, gari lilipoondoka. Nimezipanga dakika hizo kutoka kwenye simu nne tofauti.

8:33. Wawili, pamoja na yule wa kukoroma, wanapanda bodaboda kwenda Mabibo. Nao hawakuwa salama, ila angalau mwendeshaji wao hakuwa ameketi meza ile.

8:34. Binti anafungua programu ya teksi kwenye simu yake. Sinza mpaka Tegeta, shilingi 16,000. Alipiga picha skrini ili awaonyeshe, picha ipo na saa yake. Kwa watu wanne ni 4,000 kila mmoja, bia moja na chenji kwa bei ya pale. Jibu alilopewa: "Tumeshatoa ishirini, elfu nne tena ya nini na gari lipo?"

8:36. Mpwa wangu ananipigia.

8:38. Ananipigia tena.

8:40. Binti anasema, "Basi nipe mimi niendeshe." Ana leseni, mwaka wa pili sasa, alisomea shule ya udereva na alikuwa hajagusa hata kizibo. Mpwa wangu akacheka. "Gari la bimkubwa hili." Mwingine akatia lake: "Unaogopa nini, tupo na wewe."

8:45. Wanaondoka.

Nilipomuuliza binti kwa nini alipanda, hakujitetea. Alinirudishia swali. "Anko, saa 9 usiku, mwanamke, Sinza, peke yangu, chaji asilimia sita. Ungenishauri nibaki?" Tangu siku hiyo nimeacha kusema kirahisi "usikubali kupanda gari la mlevi". Mwambie na atabaki wapi.

Simu mbili za saa 8:36 na 8:38 zilikuwa kwangu, na nilikuwa sijui kama zilikuwepo. Yaani, niliziona asubuhi kama miskoli, katikati ya miskoli nyingine nyingi za watu wa kuniarifu ajali. Simu yangu usiku naiweka sebuleni, inachaji, nimeizima sauti. Nilimuuliza alitaka kusema nini.

"Nilitaka uje uniendeshee. Nikaona hupokei, nikasema basi, Mungu anajua."

Kwa hiyo alijua. Huyu kijana tuliyekuwa tumemwita kiburi, jeuri, sikio la kufa, alijua saa 8:36 kwamba hafai kushika usukani, akatafuta mtu. Saa 8:45 alikuwa hajui tena, maana mtu alikosekana.

Kwa nini mimi, wala si mama yake? Hapo ndipo nyumba yetu inapoingia. Dada yangu ni mzee wa kanisa. Kwake pombe haikatazwi, maana ili ukataze kitu lazima ukitaje. Anaamini mwanawe hanywi, au amekubaliana na nafsi yake kuamini hivyo. Jumapili ibada ya kwanza ni saa 1 asubuhi, na IST ndiyo inayompeleka yeye na kina mama wengine wawili wa kwaya. Gari lilikuwa lazima liwe uani kabla ya alfajiri.

Jiweke pale penye maegesho ya baa ukiwa na miaka 23. Ukiliacha gari na kupanda teksi, asubuhi mama hana usafiri na atauliza liko wapi. Ukimpigia mama, atajua sasa hivi. Ukimpa mwanamke aendeshe, kisha likakwaruzwa, utaeleza kwa nini hukuendesha mwenyewe. Njia moja tu ilikuwa inaficha kila kitu: endesha, fika, egesha, lala. Hakuendesha kwa sababu alijiona jasiri. Aliendesha kwa sababu alimwogopa mama yake kuliko zege.

Ndiyo maana mabango yetu yananitia mashaka. "Ukinywa usiendeshe." Sawa, na gari la mama? Bango linamwambia asichofanya, halina neno juu ya saa 8:36. Mwenyewe nilianza vibaya vilevile. Baada ya ajali nilikusanya picha za magari yaliyosagika, nikaenda kuzungumza na vijana wa mtaani kwetu kwenye kibanda chao cha bodaboda. Walizipokea, wakazizungusha mkono kwa mkono, mmoja akakadiria bei ya injini iliyopona. Picha ya kutisha inamhusu yule asiyejua kuendesha, na kila kijana anamfahamu mmoja wa hao, wala si yeye.

Wapo waliolifikiria hili kabla yetu. Mwaka 1981, kwenye shule moja ya sekondari huko Wayland, Massachusetts, wanafunzi walianzisha chama cha kupinga udereva wa ulevi kiitwacho SADD, na kazi yake iliyosambaa zaidi ilikuwa karatasi ya mkataba kati ya kijana na mzazi. Kijana anaahidi kupiga simu saa yoyote, popote, akiwa amekunywa au aliye naye amekunywa. Mzazi anaahidi kuja au kulipia usafiri, na mahojiano hayafanyiki usiku huo. Baadaye kidogo, mwaka 1988, watu wa Chuo Kikuu cha Harvard wakawashawishi watunzi wa tamthilia za televisheni waingize mhusika asiyekunywa kwa sababu ni zamu yake kuendesha, mpaka zamu hiyo ikawa na heshima yake. Sisi usiku ule tulikuwa na dereva wa zamu, mwenye leseni, mkavu kabisa. Aliitwa mwoga na kuwekwa siti ya nyuma.

Kilichofuata

Ripoti yangu ilikuwa kurasa nne za mkono. Mzee aliisoma mbele yangu, na kalamu ya risasi, kila mstari aliouridhia anaupiga tiki kama anakagua leja. Alipofika 8:36 akasimama.

"Hizi simu ni kwako."

"Ndiyo mzee."

"Ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Simu?"

"Sebuleni."

Akapiga tiki, akaendelea. Bahasha aliichukua siku hiyo. Mwanawe ana chuma ndani ya paja, amepoteza mwaka mmoja wa masomo, na anachechemea kukiwa na baridi. Kesi ya trafiki iliisha kwa faini. IST ilikuwa na bima ndogo, kwa hiyo matengenezo yametoka kwenye akiba ya dada.

Vijana wenyewe walijiwekea utaratibu, sikuwaambia mimi. Hela ya kurudi inakusanywa kabla ya bia ya kwanza kufunguliwa na inakaa kwenye simu ya mtu mmoja asiyekunywa siku hiyo. Ufunguo nao unakwenda kwake hapo hapo, mezani, wote wakiona, kwa sababu wamegundua kwamba kumnyang'anya mtu ufunguo saa 8 ni ugomvi lakini kuukabidhi saa 1 ni utani tu. Nimefuatilia mara tatu. Mara mbili ulifanya kazi. Mara ya tatu mweka hazina alishawishiwa hela iende kwenye mishkaki, wakalala wote kwa rafiki yao wa Sinza, sakafuni, wanane, na mimi hilo nalihesabu kama ushindi ingawa wao wanaona haya kulisimulia.

Kwa dada ilikuwa kazi zaidi. Nilimweleza habari ya ule mkataba wa Massachusetts, nikiwa nimejiandaa. Alinisikiliza huku anachambua mchele. "Kwa hiyo nimwambie mwanangu anywe, mimi nitamfuata?"

Nikasema sivyo.

"Ndivyo. Ukimwambia mtoto akianguka utamdaka, unamfundisha kurukaruka."

Sina jibu la haraka kwa hilo, na sitajifanya ninalo. Ana mantiki yake, tena ni mantiki iliyolea watoto watano wakawa watu. Nilichoweza kumwambia ni kwamba mwanawe alishaanza kuruka miaka minne iliyopita bila ruhusa ya mtu, na kwamba usiku ule alinyoosha mkono akakuta hewa. Akasema mchele una mawe mengi siku hizi.

Hatukuandika mkataba wowote. Simu yangu sasa inalala chumbani, sauti juu, na Ijumaa na Jumamosi mke wangu analalamika kwa haki kabisa, maana wanaopiga usiku wa manane ni matapeli na watu waliokosea namba. Mpwa wangu amepiga mara moja tangu hapo, saa 7 na dakika 52. Nilikwenda kwa bodaboda, nikawarudisha watatu kwa gari lao lile lile, hatukuongea njia nzima. Asubuhi nilimwambia dada gari liko uani. Hakuuliza lilifikaje.

Wiki iliyofuata alipita kwangu akitoka sokoni, akanywa chai, akaongea mambo ya kwaya na bei ya vitunguu. Alipoondoka nilikuta pembeni ya kikombe ufunguo wa akiba wa IST, umefungwa uzi mwekundu ili usichanganyike na za kwangu.